Kocha Tu



Leo nataka tutafakari neno moja fupi, lenye herufi mbili: "tu". Kaa kijiwe chochote Makambako, pale malori ya Mbeya na Songea yanapopumzika, au simama sokoni Njombe asubuhi ya baridi watu wakisubiri jua, utalisikia. "Yule mwalimu unamwona? Enzi zake alikimbia mpaka UMISSETA taifa. Sasa hivi yuko sekondari na watoto, kocha tu." "Yule dada alikuwa hatari kwenye netiboli, watu walikuwa wanajaa uwanjani. Siku hizi ni mwalimu tu wa michezo."

Anayesema hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Lakini ndani ya neno hilo kuna hukumu. Linasema kwamba maisha ya huyu mtu yalikuwa na kilele kimoja, kilele kimeshapita, na kilichobaki ni makombo. Ubaya ni kwamba sisi vijana tunalimeza mapema mno. Mtu ana miaka 19, goti limeumia, au matokeo ya kidato cha nne yamekuja na namba asizozitarajia, au timu imemwacha kwenye usajili, basi anaanza kujiita kwa neno hilo yeye mwenyewe. Ukimuuliza, "Vipi ndugu yangu, habari za siku?" anakujibu, "Nipo nipo tu."

Naomba tumtazame mtu mmoja ambaye dunia ilikuwa na kila sababu ya kumwita "tu". Kisha tumsikilize Bwana wetu anavyosema kuhusu makombo.

Siku 81

Henry Rono alizaliwa mwaka 1952 katika nchi ya Wanandi, Kenya. Mwaka 1976 alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kwenye mji mdogo wa Pullman. Kocha wake pale aliitwa John Chaplin. Mkenya mwenzake, Samson Kimobwa, alisoma chuo hichohicho, na mwaka 1977 Kimobwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000. Kwa hiyo tunamzungumzia mwanafunzi, mtu wa vitabu na mitihani kama wengi wenu, aliyekuwa anakimbilia timu ya chuo.

Halafu ukaja mwaka 1978. Fuatana nami taratibu.

Tarehe 8 Aprili, Berkeley, California, Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi ya dunia. Tarehe 13 Mei, Seattle, akakimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4. Rekodi ya dunia. Tarehe 11 Juni, Vienna, Austria, mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 22.5, hapo alipunguza sekunde 8 kamili kwenye rekodi ya Kimobwa. Tarehe 27 Juni, Oslo, Norway, mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi nne za dunia, katika mbio nne tofauti, ndani ya siku 81. Jamani, siku 81! Viazi ulivyopanda Uwemba bado vinakuwa havijakomaa sawasawa, na huyu kijana ameshabadilisha vitabu vya riadha vya dunia nzima.

Mwaka huohuo alichukua dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika huko Algiers, na nyingine mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Kama kuna mtu aliyefika kileleni, ni huyu.

Mlango uliofungwa mara mbili

Lakini ukitafuta jina lake kwenye orodha ya medali za Olimpiki hulipati, kwa sababu hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Mwaka 1976, Montreal, nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, hazikushiriki, kwa kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980, Moscow, Kenya ilisusia tena, safari hii ikiwa upande mmoja na Marekani kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan.

Sisi Watanzania tulikwenda Moscow. Tukarudi na medali mbili za fedha, na mpaka leo hizo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki. Filbert Bayi aliipata kwenye mita 3,000 za viunzi na maji. Suleiman Nyambui, naye mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, kule El Paso, Texas, aliipata kwenye mita 5,000. Sasa rudi juu usome tena orodha ya Rono. Mbio zote mbili alikuwa ameshaziwekea rekodi ya dunia. Furaha yetu ya mwaka ule ilipita katika mlango ambao yeye alifungiwa nje.

Sijataja hili ili tubishane siasa za miaka ile. Nimelitaja kwa sababu wengi wetu tunadhani mtu akishindwa kufika mahali, lazima hakujituma. Si kweli. Kuna milango inafungwa na mikono ambayo huioni wala haikujui. Ada inakosekana. Mzazi anafariki. Barua ya kuitwa kwenye majaribio inafika siku tatu baada ya majaribio. Wewe ulifanya yote sawasawa, na bado mlango umefungwa.

Sifa na ulanzi

Kilichofuata, Rono mwenyewe alikiandika waziwazi katika kitabu cha maisha yake, Olympic Dream, kilichotoka mwaka 2007. Pombe ilimshika. Mwaka 1981 aliweza bado kuivunja tena rekodi yake ya mita 5,000, huko Knarvik, Norway, kwa dakika 13 na sekunde 6.2. Mwili ulikuwa na maajabu yake bado, lakini ulevi ulikuwa umeshaingia ndani ya nyumba na kuketi. Ilipofika 1984 hakuwa tena yule wa 1978. Zikafuata habari ambazo hakuna mtoto anayeziota akiwa uwanjani: kuingia na kutoka kwenye vituo vya kutibu ulevi, kulala kwenye makazi ya watu wasio na nyumba, vibarua vya hapa na pale katika nchi ya watu. Kuna wakati alibeba mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Albuquerque, mji wa jimbo la New Mexico. Watu walishuka kwenye magari, wakampa mabegi, wakaendelea na safari zao.

Ndugu zangu, watu wa huku tunaujua ulanzi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, hata bibi anamwonjesha mjukuu. Uache kwenye kibuyu, usiugawe, uuweke kwa ajili yako peke yako: kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mkali, mpaka unamwangusha mtu mzima njiani. Sifa za watu ziko hivyohivyo. Siku ya kwanza ni tamu na hazina dhambi. Ukizitunza moyoni kama chakula chako cha kila siku, zinachacha. Na siku zinapokatika, mtu aliyezoea kunywa sifa anatafuta kitu kingine cha kunywa.

Katika falsafa tunasoma kwamba Aristotle, alipotafuta furaha ya mwanadamu iko wapi, aliipima heshima na kuiweka pembeni. Sababu yake ni rahisi sana: heshima iko mikononi mwa anayeitoa kuliko kwa anayeipokea. Anayekupigia makofi ndiye mwenye makofi. Akiamua kuyapeleka kwa mwingine wiki ijayo, huna pa kushtaki. Mzee huyo aliishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, lakini angekaa siku moja kwenye ukurasa wa mashabiki wa mpira angesema, "Si niliwaambia?"

Kusanyeni makombo

Sasa twende kwenye Injili. Fungua Yohana sura ya 6. Umati una njaa. Kuna mtoto mmoja ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Shayiri ilikuwa mkate wa maskini. Yesu anaitwaa, anashukuru, watu wapatao elfu tano wanakula mpaka wanasaza.

Mahubiri mengi yanaishia hapo, kwenye muujiza. Mimi naomba tusogee mpaka mstari wa 12. Watu wameshashiba, shangwe imetanda, na Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote. Wakakusanya, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Hebu lifikirie agizo hilo. Huyu ndiye aliyetoka kuzidisha mikate mbele ya macho yao. Akitaka mingine, anafanya mingine. Ana haja gani na makombo yaliyokanyagwa kwenye nyasi? Mwenye ghala lililojaa huwa hapigi magoti kuokota punje. Lakini Mungu wetu anapiga magoti. Anayeweza kuumba kutoka pasipo na kitu hakubali kutupa kipande. Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwa nguvu za binadamu ni kweli kabisa. Injili inatuambia kuna Mmoja anayezoa.

Na vile vipande vilikuwa vya nani? Vilitoka kwenye mikate ya yule mtoto. Kile alichokileta mwanzoni kikiwa kizima, kidogo na cha kimaskini, kilimegwa, kikapita mikono ya maelfu, na mwisho kilichobaki kilikuwa kingi kuliko alichokuja nacho. Kilikuwa kimevunjika, ndiyo. Lakini kilijaza vikapu.

Soma pia mstari wa 15. Watu walipoona ishara ile walitaka kumshika Yesu wamfanye mfalme, naye akajitenga, akaenda mlimani peke yake. Saa ya makofi makubwa kuliko yote, Bwana anatafuta mlima. Alijua umati unaokutawaza leo kwa sababu umeshiba, kesho ukiwa na njaa utakuacha. Sura hiyohiyo ya 6 inamalizika na wengi wakimwacha.

Chaki na kipenga

Rudi sasa Albuquerque. Baada ya vita virefu Henry Rono aliiacha pombe. Akaingia shuleni kufundisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, wale ambao darasa la kawaida linawachosha na wao wanalichosha. Na akawa kocha wa mbio wa vijana wa sekondari.

Kocha tu.

Mnajua kazi ya kocha wa shule ilivyo. Hachagui wachezaji dukani. Anapokea aliyeletewa na mwaka wa masomo. Anao wanaokimbia vizuri wawili na wasiokimbia vizuri kumi na wanane, na wote wanataka jina lao liitwe. Anafundisha mambo ambayo hayaonekani kwenye picha: kutotoka kwa kasi mzunguko wa kwanza, kuhesabu pumzi, kukubali mwenzako atangulie sasa ili umpate baadaye, kunywa maji, kulala mapema, kumsubiri wa mwisho mpaka amalize. Jioni anaokota koni, anahesabu jezi, anakuta moja imepotea. Hakuna televisheni. Hakuna Oslo.

Lakini fikiri ni nini kilichokuwa ndani ya kikapu cha mtu huyu. Alijua kasi ya rekodi ya dunia kwa miguu yake mwenyewe. Alijua pia kuamka asubuhi huna pa kwenda. Mtoto aliyeshindwa mbele yake hakuwa mgeni kwake. Mwanafunzi ambaye wengine walimwona mzito wa kuelewa alikuwa mbele ya mwalimu ambaye dunia nzima ilishamwona amekwisha. Kocha ambaye hajawahi kuanguka anaweza kukufundisha kukimbia. Yule aliyeanguka na kuinuliwa anaweza kukufundisha kuinuka, na hicho ndicho watoto wengi wanakihitaji. Siku 81 za utukufu na miaka mingi ya mateso, vyote viliingia kikapuni, vikawa chakula cha watoto wa watu.

Simtangazi mtu mtakatifu. Hiyo ni kazi ya Kanisa. Nasema tu kwamba hapa naona ule mstari wa 12.

Mtakatifu Thomas wa Akwino ana wazo moja ambalo likikuingia halitoki. Anafundisha kwamba kuwaangazia wengine ni jambo kubwa kuliko kung'aa peke yako, na ndivyo ilivyo pia kuwagawia wengine kile ulichokitafakari. Fikiria taa ya chumbani. Hakuna anayeisifu kwa jinsi inavyong'aa. Tunashukuru kwamba tunasoma, tunapika, tunaonana nyuso. Rono wa 1978 aling'aa, na lilikuwa jambo zuri, zawadi ya Mungu. Rono mwenye kipenga aliangaza. Kwa kipimo cha kijiwe alishuka. Kwa kipimo cha Thomas alipanda.

Bruda wa Iten

Na ili usidhani kuangaza ni kazi ya walioanguka peke yao, tumtazame mtu wa upande mwingine. Mwaka uleule wa 1976, Rono akielekea Marekani, bruda mmoja kutoka Ireland alikuwa anaingia Kenya. Anaitwa Colm O'Connell, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi. Alipangiwa kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Patrisi, Iten, kule juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa amesomea ukocha. Alianza kuwasaidia wanafunzi kukimbia, akabaki.

Mikononi mwake alipita Peter Rono, mwanafunzi wa shule hiyo aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Alipita David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, akavunja rekodi ya dunia. Bruda mwenyewe hana rekodi hata moja. Mmoja alikuwa na kila kitu, akakipoteza, na makombo yakakusanywa. Mwingine hakuwa na chochote cha uwanjani, akatoa muda wake na uvumilivu wake. Wote wawili mwisho tunawakuta mahali pamoja: pembeni ya uwanja wa shule, na vijana ambao si watoto wao wa kuzaa.

Hata hapa nyumbani, Filbert Bayi, baada ya medali yake na baada ya rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, alianzisha shule. Nyambui naye akawa kocha. Watu walioonja utukufu wa kweli wa uwanjani mara nyingi wanaishia kwa watoto. Nadhani wanajua kitu ambacho kijiwe hakijui.

Sasa sisi wa huku

Njombe tuna milima, tuna baridi inayokomaza mapafu, tuna watoto wanaotembea kilomita nyingi kwenda shule bila kujua kwamba tayari wako mazoezini. Makambako tuna njia panda: barabara ya kwenda Mbeya, ya kwenda Njombe na Songea, reli ya TAZARA. Kila siku watu wanapita, na kijana anayekaa njia panda anajifunza kuamini kwamba maisha yako kule yanakoelekea magari. Akikosa nafasi ya kupanda, anajiona amebaki kama mzigo ulioanguka.

Wewe uliyecheza ukaacha, nakuomba jambo moja la wiki hii. Kigango chako kina watoto wa Utoto Mtakatifu. Wana mpira wa makaratasi na uwanja wenye mteremko, na hawana mtu mzima wa kuwaambia, "Tulia, panua mikono, usikimbilie mpira wote kama nyuki." Jumamosi moja, saa mbili tu. Nenda na ulichobakiwa nacho: goti moja zima, mbinu ulizofundishwa na mwalimu wako, hata habari ya jinsi ulivyokosa ile nafasi. Usingoje uwe mzima kwanza ndipo utoe. Mikate yenyewe ililisha watu baada ya kumegwa.

Wewe ambaye chupa imeanza kukushinda, iwe ulanzi wa bure nyumbani au pombe kali za vichupa, nakwambia kwa upendo, usipigane peke yako. Nenda kwenye kitubio, huko kuna huruma inayokungoja. Na ukitoka kwenye kitubio, nenda pia hospitali ukaongee na daktari, mwambie na rafiki mmoja unayemwamini. Ulevi ni jeraha la roho na ni ugonjwa wa mwili, na neema ya Mungu haioni haya kupitia mikono ya muuguzi. Rono hakusimama kwa siku moja. Aliingia matibabu, akaanguka, akarudi. Kuanguka mara ya tatu hakufuti kusimama kwa mara ya nne. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na sisi wengine, tulio wazima kwa leo, tuangalie midomo yetu. Yule mwalimu wa michezo mwenye suruali ya trakisuti iliyopauka, anayelipia nauli ya mwanafunzi kutoka mfukoni ili afike kwenye mashindano ya wilaya, usimwite kocha tu. Katekista anayetembea kwa miguu kwenda kigango cha mbali, usimwite katekista tu. Mama yako, usimwite mama wa nyumbani tu. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu wakimbiaji wanaojinyima kila kitu kwa ajili ya taji linalonyauka. Taji la majani. Kwa Paulo, wale tunaowadharau kwa neno "tu" wanaweza kuwa ndio wanaokimbilia lile lisilonyauka.

Henry Rono alirudi Kenya mwaka 2019, baada ya zaidi ya miaka 30 ugenini. Alifariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024, akiwa na miaka 72. Wiki hiyohiyo Wakenya walikuwa wanamlilia Kelvin Kiptum, mshikilia rekodi ya dunia ya marathon, kijana wa miaka 24, aliyekufa kwenye ajali ya gari pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Mkimbiaji na kocha wake ndani ya gari moja, na siku nne baadaye mtu aliyekuwa vyote viwili. Rekodi zote nne za 1978 zilishavunjwa zamani. Rekodi huwekwa ili zivunjwe. Lakini kijana aliyefundishwa kumsubiri wa mwisho amalize, akakua, akamfundisha mtoto wake hivyohivyo, hiyo inavunjwaje?

Swali la kwenda nalo wiki hii: ni kipande gani cha maisha yako ulichokiacha kwenye nyasi kwa kudhani kimeharibika, ambacho Bwana anakutuma ukakiokote?

Tuombe. Ee Yesu Mwema, uliyeshika mikate ya mtoto na hukudharau shayiri yake, tazama vijana wako wa Njombe na Makambako. Waliofungiwa milango, wafungulie njia wasiyoitarajia. Walioshikwa na pombe, washike wewe kwa nguvu zaidi. Wapumzishe kwa amani walimu na makocha waliotutangulia, na hawa tulionao uwape kuona matunda ya kazi yao, hata kama ni kwa mbali. Kusanya tulichovunja, na utufanye chakula cha wengine. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Bikira Maria, mlezi wa Bwana wetu pale Nazareti ambako hakukuwa na makofi, utuombee.

Milele Amina, na tuonane wiki ijayo.